Wenza wa mji wa bandari wasiipe bahari kisogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie suala la namna wenza, waliooana na wanaochumbiana, wanavyoweza kupata jioni yao wenyewe bila kuvuruga bajeti ya nyumba. Ushauri unaotolewa mara kwa mara kuhusu jambo hili ni uleule kwa kila mji: hoteli yenye mishumaa, filamu, zawadi, na picha za kuwaonyesha wengine. Mtu anayeishi bara, mamia ya kilomita kutoka pwani, angeweza kuufuata wote bila kubadilisha chochote. Kwa wanaoishi kwenye mji wa bandari ninaona hiyo ni hasara, kwa sababu wanayo maji yanayobadilika kila saa, vyombo vinavyoingia na kutoka, na upeo wa macho ulio wazi, mambo ambayo hakuna mwenye hoteli anayeweza kuyajenga. Hoja yangu ni kwamba mtoko wa wenza katika mji wa namna hiyo upangwe kwa kufuata bahari yenyewe, yaani mwezi, maji na vyombo, kisha chakula kifuate kadiri mfuko unavyoruhusu.

Sababu ya kusema hivi haitokani na mapenzi yangu kwa bahari peke yake. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti ambamo baadhi ya wenza walipewa kazi ngeni na ya kuchangamsha: walifungwa pamoja kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi na kuvuka kizuizi huku wakibeba mto baina yao bila kuushika kwa mikono wala kwa meno. Wengine walipewa kazi isiyosisimua. Kazi hiyo ilichukua dakika chache tu, lakini waliopewa ile ngeni waliuona uhusiano wao kuwa bora zaidi baada ya kuifanya kuliko wale wengine. Simwambii mtu amfunge mwenzake kamba. Ninachokichukua hapo ni kwamba jambo geni linalofanywa na wawili pamoja lina uzito ambao mlo wa gharama uliozoeleka hauna, na mji wa bandari una mambo mageni kila usiku kwa yeyote anayejua pa kutazama.

Chombo cha kwanza ninachowapendekezea wenza ni kivuko cha umma, kilekile kinachowapeleka watu kazini asubuhi. Jioni, msongamano ukishapungua, kivuko hicho huwa mahali pa faragha kuliko mikahawa mingi. Hong Kong wana Star Ferry, ambayo imekuwapo tangu 1888 na huvuka Bandari ya Victoria kwa muda usiofika dakika 10. New York kivuko cha Staten Island hakitozi nauli tangu 1997, hufanya kazi usiku na mchana, na katika safari ya dakika 25 hivi hupita karibu na Sanamu ya Uhuru. Istanbul abiria hupanda upande wa Ulaya na kushuka upande wa Asia, kisha wakarudi usiku huohuo. Lisbon huvuka mto Tagus na kuutazama mji wao wakiwa ng'ambo. Miji yenye bandari ndogo ina boti za kawaida, nazo zinatosha.

Wenza wakishapanda, wasikae ndani. Wakati wa kwenda wasimame nyuma, kwenye tezi, kwa sababu ndipo taa za mji zinapoonekana zikirudi nyuma na kujipanga upya juu ya mapovu meupe yanayofuata chombo. Wakati wa kurudi wahamie mbele, kwenye omo, ambako mji huwajia taratibu na upepo huwapiga usoni. Ukingo wa chuma hutetemeka chini ya viganja kwa nguvu ya injini, harufu ya chumvi huchanganyika na ya dizeli, na watu wawili husogeleana bila kuambiwa kwa sababu kuna baridi. Safari za boti za chakula cha usiku, zile zenye vipaza sauti na madirisha yaliyofungwa, sizipendekezi: bahari iko nje ya kioo, na wenza hawasikilizani.

Jambo la pili ni kuchagua siku, na hapa ndipo ninapotaka kukawia kidogo. Watu wengi huchagua Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi. Anayeishi bandarini ana kalenda nyingine ya kuitazama. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu na wakati ule jua linapozama, hivyo mji unaotazama mashariki huuona ukitoka majini mwanga wa mchana ukiwa bado haujakwisha. Mji unaotazama magharibi hulipata jua likizama baharini, na wenza wakigeuka nyuma huukuta mwezi ukipanda juu ya mapaa ya nyumba. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu kuna kipindi cha giza baada ya machweo, kizuri kwa nyota na taa za meli, kisha mwezi hutokea wakati wenza wameshaketi na kuzoea giza. Kwangu mimi huo ndio usiku bora kuliko hata ule wa mwezi mpevu wenyewe. Walio karibu na ikweta wakumbuke pia kwamba utusiutusi wao ni mfupi, kwa hiyo atakayefika baada ya jua kuzama atakuta rangi zimeshakwenda.

Maji nayo yana ratiba yake. Katika bandari nyingi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Bamvua huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mara nyingi ikichelewa siku moja au mbili, na wakati huo maji hupanda juu zaidi na kushuka chini zaidi. Wazee wa bahari wanajua jambo ambalo wakazi wengi wa mjini hawalijui: kwa bandari moja, saa ambayo maji ya bamvua hujaa huwa karibu ileile mwezi hata mwezi. Ikiwa bandari yenu bamvua yake hujaa jioni, basi kila mwezi mna jioni kadhaa ambazo maji yatagusa ngazi za juu za ukuta mkiwa mmeketi, na ikiwa hupwa jioni, mna ufuko mpana wa kutembea. Kwenye sehemu kubwa ya Mediterania na kwenye bandari za maziwa tofauti ni ndogo mno kuhesabika, na huko mwezi na upepo vinatosha kuwa mwongozo. Kuna faida nyingine ya kujua saa ya maji, hasa kwa wenza waliokula chumvi nyingi au wenye matatizo ya magoti: pale ambapo abiria hupanda boti kupitia gati linaloelea, daraja lake la kushukia huwa mwinuko mkali maji yakipwa na hukaribia kulala sawa yakijaa. Mume anayemjali mkewe, au mke anayemjali mumewe, atachagua saa hiyo ya pili.

Nikigeukia vyombo vyenyewe, ninasikitika kwamba watu hukaa miaka kando ya bandari bila kujifunza kuzisoma taa zake, ilhali ni mchezo wa wawili usio na gharama yoyote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka kila meli inayotembea usiku iwe na taa nyekundu ubavu wake wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, na nyeupe kwenye mlingoti na nyuma. Ukiona nyekundu peke yake, meli inaelekea kushoto kwako. Ukiona kijani peke yake, inaelekea kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, inakuja upande wako. Meli yenye urefu wa mita 50 au zaidi hubeba taa mbili nyeupe milingotini, ile ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele, na kwa kutazama jinsi taa hizo zinavyokaribiana au kuachana mnaweza kujua inageuka lini kabla umbo lake halijaonekana. Iliyotia nanga huonyesha taa nyeupe, na ikiwa na mita 100 au zaidi hulazimika kuangaza pia sitaha zake, ndiyo maana meli zinazosubiri zamu hufanana na vitongoji vidogo vilivyoota majini. Mkiona taa nyeupe juu ya nyekundu kwenye boti inayokwenda kasi, hiyo ni boti ya rubani anayekwenda kuiongoza meli kuingia. Kwa bandari za Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, maboya mekundu huwa kushoto kwa chombo kinachoingia, na kwa Amerika, Japani, Korea Kusini na Ufilipino huwa kinyume. Mmoja abashiri meli inakokwenda, mwingine abishe, kisha wote wawili wangoje. Katika kungoja huko ndimo mazungumzo yanamozaliwa, yakiwemo yale ambayo mezani nyumbani hayapati nafasi kwa sababu ya watoto, simu na uchovu.

Minara ya taa inastahili nayo ziara, hasa ile inayofungua milango kwa wageni. Mnara wa Genoa, Italia, uliopo sasa ulijengwa mwaka 1543 na bado unawaka, na ule wa A Coruña nchini Hispania una asili ya enzi za Warumi. Kila mnara una mpigo wake wa kuwaka na kuzima ili mabaharia wasiuchanganye na mwingine, na wenza wanaweza kuuhesabu kwa sekunde wakiwa mbali.

Kuna kundi ambalo washauri wa mapenzi hulisahau kabisa, nalo ni wafanyakazi wa bandari wenyewe. Makuli, mabaharia, waendesha winchi na walinzi hufanya kazi kwa zamu, na jioni ya wengine kwao ni saa ya kazi. Kwa nyumba hizo mtoko unaweza kuwa alfajiri, zamu inapokwisha, boti za uvuvi zinaporudi na mnada wa samaki unaanza. Mke au mume anayemfuata mwenzake saa hiyo, wakakaa nusu saa kabla ya kwenda nyumbani kulala, amempa heshima kubwa kuliko ya tarehe yoyote ya kalenda.

Sehemu za kuketi kando ya maji zinatokana na historia ambayo mamlaka za miji zinapaswa kuikumbuka. Mwaka 1956 meli Ideal X ilibeba makasha ya mizigo (kontena) 58 kutoka Newark hadi Houston, Marekani, na kwa miaka iliyofuata usafirishaji wa makasha ulihamisha meli kubwa kwenda kwenye magati yenye kina na maeneo mapana nje ya katikati ya miji. Magati ya zamani yakabaki matupu. Baltimore ilifungua upya ufuo wake wa ndani kwa watu wa kawaida, na eneo la maduka na mikahawa liitwalo Harborplace likafunguliwa mwaka 1980. Genoa ilifanya hivyo mwaka 1992 kwa mpango wa msanifu Renzo Piano. Kwa upande mwingine, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika Julai 2004 ziliweka uzio na ukaguzi kwenye bandari zinazofanya kazi. Uzio huo una sababu zake, na wenza wasijaribu kuuruka kwa ajili ya picha. Lakini palipo na gati la zamani lisilotumika, au kipande cha ukuta wa bahari kisicho na shughuli, sioni kwa nini kifungwe, au kigeuzwe chote kuwa meza za wenye fedha, wakati wananchi waliokulia hapo hawana hata benchi.

Ninaziomba mamlaka za miji ya bandari zihakikishe mambo machache: njia ya miguu iliyo wazi kando ya maji, taa za kutosha ili mwanamke aweze kutembea pale usiku bila hofu, lakini zielekezwe chini zisiwapofushe watu wasione bahari, benchi, na kivuko cha mwisho kitakachochelewa kidogo siku za mwisho wa wiki. Wenza nao wachukue tahadhari ndogo. Ngazi za bahari zilizo chini ya mstari wa maji kujaa huota mwani na huteleza, kwa hiyo zisiwe pa kukalia. Waulize saa ya kivuko cha mwisho kabla ya kupanda cha kwanza. Wachukue nguo ya kujifunika, hata kama mchana ulikuwa wa joto.

Kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi moja. Gazeti hili huchapa hali ya hewa kila siku. Liongeze hapohapo, hasa katika toleo la Ijumaa, saa za maji kujaa na kupwa na saa ya mwezi kuchomoza kwa miji ya bandari ambako gazeti hili husomwa. Majedwali hayo huandaliwa mapema, wavuvi watayahitaji, na wenza watakuwa na kitu cha kupangia wiki yao ambacho hakiuzwi dukani.

Wako mtiifu,
Msomaji wa gazeti lako