Geronimo Pratt hakuwa mtoro

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wamarekani Weusi waliohamia Imbaseni, huku kwetu Arumeru, niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika mahali mlipomwita Geronimo Pratt "muuaji aliyekimbilia Tanzania". Hilo si kweli, na naomba mlisahihishe.

Pratt, kiongozi wa Black Panther (chama cha kupigania haki za Wamarekani Weusi) pale Los Angeles, alihukumiwa mwaka 1972 kwa mauaji yaliyotokea Santa Monica mwaka 1968. Siku zote alisema kwamba wakati huo alikuwa Oakland, mamia ya kilomita kutoka hapo. Shahidi mkuu, Julius Butler, aliapa mahakamani kuwa yeye si shushushu, yaani mpasha habari wa siri wa vyombo vya dola. Kumbe alikuwa shushushu, na waendesha mashtaka wakalificha jambo hilo. Mwaka 1997 jaji aliifuta hukumu, Pratt akiwa ameshakaa jela karibu miaka 27 tangu alipokamatwa mwaka 1970. Mwaka 2000 akakubaliwa fidia ya dola milioni 4.5. Alikuja kwetu akiwa mtu huru kabisa, akafia Imbaseni mwaka 2011. Aliyekimbia Marekani ni mwenzake, Pete O'Neal, mwaka 1970. Msiwachanganye.

Tena mmeandika kwamba FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, "ilikuwa ikichunguza uhalifu". Agosti 1967, chini ya mkurugenzi wake J. Edgar Hoover, mpango wake wa siri wa COINTELPRO ulielekezwa kwa vyama vya Weusi, na nyaraka zake zenyewe zinataja shabaha: kuvivuruga, kuvichafulia jina, na kuzuia asitokee "masihi" wa kuwaunganisha watu. Anayechunguza uhalifu hatafuti hayo.

Tazameni ya Chicago. William O'Neal (hana undugu na Pete) alipandikizwa na FBI hadi akawa mkuu wa ulinzi wa Panther pale. Ndiye aliyewapa FBI mchoro wa nyumba ya Fred Hampton, kiongozi wa Panther huko, na kitanda anacholala kimeonyeshwa. Alfajiri ya Desemba 4, 1969 polisi wakavamia. Zilipigwa risasi zaidi ya 80. Uchunguzi wa baadaye ulikuta moja tu ndiyo iliyotoka kwa Panther. Hampton, kijana wa miaka 21, aliuawa chumbani mwake, pamoja na mwenzake Mark Clark. O'Neal akazawadiwa dola 300. Dola 300, Mhariri!

Mna mwandishi Arusha. Mtumeni Imbaseni akakae na majirani wa Pratt, awaandike wanavyomkumbuka wao.

Msomaji wenu,
Usa River