Kuhusu ile prezentesheni yako ya Alhamisi

Shoga yangu, hujambo, na watoto hawajambo?

Nimesoma proposo yote ya kuiomba ile kampuni ya bima iichangie karakana yenu ya kukarabati viti mwendo vya walemavu. Hongera sana, kuitwa tu ukaprizenti si kitu kidogo, maana maombi yanayoingia kwenye zile ofisi za pale mjini Posta ni mengi mno na mengi yanaishia mapokezi. Ila hiyo uliyoandika bado ni barua ya kuomba msaada, na mimi naitaka hii hela uipate kweli, kwa hiyo naomba nikwambie ninavyoona.

Yule dada wa masoko anayekupokea vizuri na kukupa maji hana uamuzi, kazi yake ni kwenda kukusemea. Miaka ile nakaa kwenye kamati ya misaada kazini nilikuwa naona inavyokwenda: mtu wa fedha anauliza hela inaenda wapi na sisi tunapata nini, mwanasheria anauliza makaratasi, mkurugenzi anaangalia saa, na wewe mwenye shirika haupo mle ndani. Kuna shirika moja zuri sana la watoto lilifia pale pale mezani kwa sababu aliyekuwa analitetea aliulizwa hela ya mafuta ya gari ni ya nini akakosa la kusema, na jibu lilikuwepo kabisa kwenye proposo, huko ndani ndani ambako hakuna aliyefika. Iliniuma mpaka leo. Sasa wewe mwandikie huyo atakayekutetea. Ukurasa mmoja basi, kukarabati kiti mwendo kimoja ni shilingi ngapi, karakana ya Mbagala inatoa vingapi kwa mwezi, mkipata hela yao vitakuwa vingapi, na mshahara wa fundi na kodi ya banda uviweke wazi humo humo, usivifiche chini ya neno mengineyo, mtu wa fedha anaruka hapo hapo.

Halafu hii ni kampuni ya bima jamani! Kila siku wanashika mafaili ya madai ya ajali, wanajua mtu akiumia uti wa mgongo kwenye bodaboda maisha yake yanakuwaje, kwa hiyo zile kurasa nne za kueleza mateso ya walemavu toa. Waambie tu kwamba watu waliomo kwenye mafaili yao ndio hao hao wanaoleta viti karakana kwako. Hapo ndipo mnapokutana na hakuna kati ya wale wengine wawili walioitwa anayeweza kusema hivyo.

Angalia zile kampeni za hisani za makampuni zilizoshika. Benki ya CRDB wanakimbia marathoni yao tangu 2020 na hela imekuwa ikienda kwenye upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, benki ya NMB na wao wamekimbia kwa ajili ya kinamama wenye fistula wanaotibiwa hospitali ya CCBRT. Jambo lenyewe unalisema kwa pumzi moja, wafanyakazi na wateja wanashiriki kwa miguu yao, na hela inafika mahali panapojulikana. Na wewe omba watu pia, usiombe hela peke yake. Waje Jumamosi karakana, ila wapewe kazi ya kweli, kufungua matairi, kusafisha beringi, kuorodhesha spea stoo, maana wakija kupiga picha tu mwakani hawarudi.

Makaratasi sina wasiwasi nawe, cheti, ripoti za mwaka za kwa Msajili wa NGO, hesabu zilizokaguliwa, TIN, akaunti yenye jina la shirika. Ila la TRA, watu wa kodi, ulifuatilie. Kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kampuni ikichangia shirika la hisani inaweza kuutoa mchango huo kwenye hesabu zake za kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, lakini lazima Kamishna wa TRA awe ameshakutambua rasmi kuwa wewe ni wa hisani, kusajiliwa NGO peke yake hakutoshi. Kama bado hujapata sema bado, usiwaachie wagundue wenyewe.

Uliza pia mwaka wao wa fedha unafungwa lini. Wengi ni Desemba, wapo wa Machi kama Vodacom. Sasa hivi ni Agosti, kama wao ni wa Desemba basi bajeti ya mwakani ndo wanaanza kuipanga, kwa hiyo omba uingie kwenye hiyo, achana na vijisenti vilivyobaki mwaka huu.

Na la picha liseme mapema kabla ya kusaini chochote. Watataka ile siku ya kukabidhi mfano wa hundi na mtu kwenye kiti katikati yao. Mteja wako akikubali mwenyewe sawa, akikataa asipigwe, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Kampuni inayokataa hilo iache tu iende, nakwambia kwa moyo wote.

Video usipeleke. Nenda na yule fundi wako anayetumia kiti mwenyewe, aweke mezani beringi iliyoliwa na mchanga wa Mbagala na nyingine mpya pembeni, aeleze kwa nini viti vya msaada vinavyokuja kwenye makontena vinakufa mapema huku kwetu na yeye anafanyaje mpaka vinatembea tena. Yeye ndo mtaalamu pale, aongee yeye na wewe umalizie hesabu. Ila piga simu kesho uulize kama lile jengo lina njia ya kiti na kama lifti inafanya kazi, asije akabebwa na walinzi kwenye ngazi kama mzigo halafu ndo aanze kuongea.

Nitumie huo ukurasa mmoja Jumatatu usiku niusome kwenye daladala asubuhi. Jumanne jioni njoo Tabata na fundi tufanye mazoezi, mimi nitakuwa mtu wa fedha na sitakuonea huruma.

Wako,
shoga'ako wa Tabata