Mahakama ya Arusha haikuihukumu Rwanda

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia neno, ila habari yenu ya Jumapili imenishinda kuivumilia. Mwandishi wenu anasema mahakama ya Arusha, ile ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, "iliihukumu Rwanda", kisha mistari miwili mbele anaiita ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. ICC iko The Hague, ilianza mwaka 2002. Ile ya Arusha iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la Novemba 1994, ikafungwa Desemba 2015. Ilishtaki watu 93, kila mmoja kwa jina lake, na 14 kati yao wakaachiwa huru. Nchi haikupanda kizimbani hata siku moja. Jumatatu kijana mmoja dukani, gazeti lenu mkononi, alinieleza kwamba Wanyarwanda wote walitiwa hatiani.

Kibaya zaidi, mmeandika kuwa Kanali Théoneste Bagosora, ofisa mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Rwanda wakati wa mauaji hayo, alipunguziwa adhabu "kwa huruma". Huruma gani? Desemba 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Desemba 2011 majaji wa rufaa walifuta baadhi ya makosa, wakaona pia haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyeamuru mauaji; wakambakiza na hatia ya mkuu aliyeshindwa kuwazuia walio chini yake, miaka 35. Hatia hiyo ina nguzo tatu, na ikikosekana moja shtaka linaanguka: wauaji wawe chini ya mamlaka yake kweli, si kwa cheo tu; awe alijua, au alikuwa na sababu ya kujua; na awe hakuchukua hatua zilizohitajika kuzuia au kuadhibu. Nguzo ya kwanza ni ngumu mno kuithibitisha. Amri ya mdomo haiachi karatasi, na shahidi aliyejificha darini husikia vishindo tu, hamwoni anayeamuru.

Halafu kuna suala la lugha. Miaka yote hiyo kesi zilisikilizwa Arusha, lakini lugha za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ya 2 Septemba 1998, iliyotamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, ilisomwa mjini kwetu, na wenyeji wakaisikia kwa kuhadithiwa.

Chapeni aya za hukumu hiyo kuhusu ubakaji, kwa Kiswahili, ukurasa mzima. Na habari yoyote ya kesi isiende mtamboni bila jina la mahakama, jina la mshtakiwa, kosa lenyewe, na kama hukumu ni ya awali au ya rufaa. Anzeni kwa kusahihisha ile ya Bagosora, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile.

Msomaji wenu, Arusha