Chuma kikichenjuliwa mgodini, meli itabeba nini?

Mteja wetu mmoja mwenye tanuru la umeme la kuyeyushia vyuma chakavu ametuuliza: akianza kuagiza briketi za chuma (vipande vilivyoshindiliwa vya chuma kilichoondolewa oksijeni) badala ya chakavu, ukaguzi wetu wa shehena kichele, yaani mizigo inayomiminwa melini bila kufungashwa, utabadilika? Utabadilika, tena sana.

Leo meli kubwa kuliko zote za kichele, zile za tani 400,000, hutoka Brazili kwenda China zikiwa na mawe ya chuma. Katika kila tani 100 za mawe ya daraja la kawaida, chuma chenyewe ni tani 62 hivi. Kilichobaki ni hasa oksijeni na mchanga, na nauli yake inalipwa vilevile. Ndiyo maana baadhi ya wazalishaji wanataka kuiondoa oksijeni hukohuko karibu na mgodi, kwa gesi asilia au haidrojeni. Uswidi walishatoa chuma cha haidrojeni mwaka 2021. Njia hii ikienea, mawe yatasafirishwa kidogo, na makaa ya mawe ya kuyachenjulia pia. Meli kubwa zitapoteza kazi. Kwa maoni yetu watakaofaidika ni wenye meli za kadiri, zinazoweza kutia nanga hata Dar es Salaam.

Ila mzigo huu ni mkali. Jiwe la chuma lilishapata kutu yake ardhini, limetulia. Chuma kilichonyang'anywa oksijeni huitafuta tena: kikilowa hupata joto na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Februari 2004 meli Ythan ililipuka karibu na Kolombia ikiwa imebeba chenga za chuma hiki. Mabaharia 6 walikufa. Tunalisema hili kwa kila mteja, maana wengi hudhani hatari ya moto iko kwenye mafuta tu.

Briketi zilizoshindiliwa zikiwa za moto zina afadhali kuliko chenga. Hata hivyo zisipakiwe zikizidi nyuzijoto 65, zisiguswe na mvua, na haidrojeni tumboni mwa meli ipimwe safari nzima.

Kwa hiyo, kabla hujasaini mkataba wa meli, tuletee nyaraka za shehena. Tutaangalia kwanza kiasi cha chenga, halafu tarehe ya kufika. Ikiangukia Aprili, katikati ya masika, tutakuomba uisogeze mbele, au ukodi mapema ghala lenye paa zima na sakafu kavu.