Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia biashara ndogo: tupeni fomu moja ya uendelevu

Mheshimiwa, pole na majukumu. Naandika kutoka Kizota, hapahapa Dodoma, ofisini kwako si mbali, na barua ya kawaida nilishaleta, ikagongwa muhuri ikapokelewa, ikaishia hapo. Sasa naandika hadharani maana uvumilivu umeisha na wiki hii nimepoteza mteja.

Kazi yangu ni kufungasha asali na kuchuja nta, tuko watu 9. Mzigo natoa kwa wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi, kidogo na Kondoa. Nta namuuzia mtu wa Dar ambaye ndo anasafirisha Ulaya, na juzi kanipigia simu, dada samahani, ile fomu yako ya uendelevu haijakamilika, msimu huu nachukua kwa mwingine. Basi. Mabonge ya nta yamejaa stoo na wazee wa Itigi nilishawapa advansi, siwezi kuwafuata kudai hela ambayo wameshalipia ada za watoto.

Fomu hiyo inauliza biashara yako inatumiaje umeme, maji na mazingira, na sikukataa kujaza, mheshimiwa. Nimejaza mpaka macho yanauma. Mnunuzi ana fomu yake, benki ninayoomba mkopo ina yake, duka kubwa linalochukua asali ya chupa lina yake, na zote zinauliza mambo yaleyale, ila huyu anataka umeme wa mwezi, yule wa mwaka, mwingine anataka ugawanye kwa kila kilo ya asali, maji huyu kwa lita yule kwa mita za ujazo, na yote kwa Kiingereza cha wanasheria. Moja inauliza nina hekta ngapi karibu na eneo nyeti la bayoanuai, yaani lenye mimea na viumbe wa kulindwa. Mimi nina banda na uwanja wa kuanikia ndoo, hekta nazitoa wapi? Swali la maana hakuna aliyeuliza, nyuki wanafugwa kwenye mizinga gani, maana mzinga wa magome unabandua gome la mti mzima na ule mti unakauka. Sisi tumewakopesha wafugaji wetu mizinga ya mbao ili miti ibaki, wanalipa kidogokidogo kwa asali. Hiyo ndo ripoti yangu ya uendelevu na haina kisanduku cha kuiandika.

Tuje kwenye hewa ukaa. Meseji za LUKU ninazo zote kwenye simu, kila moja ina yuniti zake na yuniti moja ni kilowati-saa moja, kwahiyo umeme wangu naujua. Dizeli ya jenereta nina risiti, na lita moja ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, hiyo hesabu hata wa darasa la saba anapiga. Ninapokwama ni hapa, yuniti moja ya umeme wa gridi yetu ina hewa ukaa kiasi gani? Mshauri mwelekezi alinipa namba yake, fomu ya benki ina nyingine, ya mnunuzi imechukua ya huko Ulaya. Jamani, sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere, umeme wa maji wa megawati 2,115, mimi nabebeshwaje moshi wa nchi nyingine? Na huyo mshauri bei aliyonitajia inanunua mashine ya kujazia chupa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hao Ulaya tunaotajiwa kila siku wao kwao wameshalegeza. Desemba 2024 taasisi yao ya EFRAG ilitoa kiwango cha hiari cha ripoti za uendelevu kwa biashara ndogo na za kati, wanakiita VSME, na tarehe 30 Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya ikapendekeza kitumike, lengo lao wakubwa waache kumtumia mdogo kila mmoja fomu yake. Sehemu ya msingi ina vipengele 11 tu, nishati, maji, taka, wafanyakazi, ajali, mishahara, faini za rushwa na vingine vichache, kisichokuhusu unaruka. Na kwao biashara ya kati inaenda mpaka karibu watu 250, wakati sera yetu ya biashara ndogo ya 2003 iliishia watu 99. Yaani Mzungu mwenye watu 200 anajibu vipengele 11, mimi mwenye watu 9 najibu mafomu matatu.

Nahisi kila mtu anasukuma mzigo wa fomu kwa aliye chini yake. Mnunuzi wa Dar anabanwa na wateja wake, mabenki nayo yana mwongozo wa Benki Kuu wa 2022 kuhusu hatari za tabianchi, kwahiyo wanatafuta karatasi za kuonyesha, na wa mwisho kusukumwa ni sisi.

Ila wewe mheshimiwa ulisimama mbele yetu kwenye semina ukasema mwongozo wa Kiswahili wa ripoti hizi utatoka kabla ya msimu wa asali. Tulikupigia makofi. Tuliandika majina na namba za simu, sijasikia mwenzangu hata mmoja aliyepigiwa. Msimu ule ulipita na huu ndo huu.

Nisieleweke vibaya, sitaki iwe sheria. Ikiwa sheria itakuja na ada, faini na cheti cha kulipia kila mwaka, tunajua inavyokuwaga. Ibaki hiari, lakini hiari ya kweli, siyo hii ya ukikosa fomu unakosa mteja. Fomu moja fupi, ya Kiswahili, ambayo benki inaipokea, mnunuzi anaipokea na duka linaipokea, na ndani yake iwepo ile namba ya umeme wa gridi yetu. Fomu moja mheshimiwa, kurasa mbili zinatosha kabisa.

Mnunuzi amesema akipata fomu iliyokamilika kabla hajafunga kontena atanifikiria. Kwahiyo hata kama mwongozo mzima haujaiva, toeni hata rasimu, ilimradi ina muhuri wa ofisi yako. Tupeni hiyo fomu moja, na mtupe mwezi huu.

Ni mimi mfungasha asali,
Kizota, Dodoma