Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wenye Nyumba, Julai 2023 hadi Juni 2024

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote. Kabla ya yote nawapa pole wale ambao masika ya mwaka huu yaliwafuata mpaka sebuleni, na familia zilizofiwa. Wazee wawili waliokuwa katika kamati ya kwanza ya umoja huu tumewazika ndani ya mwaka mmoja. Wao ndio waliotufundisha kutunza daftari la malalamiko, na taarifa hii yote imetoka katika daftari hilo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mkutanoni, na zimekaguliwa na wajumbe wawili mliowachagua mwaka jana. Ulinzi shirikishi unaendelea. Gari la taka bado linapitisha wiki nzima bila kuonekana, na hilo katibu atalieleza. Mimi nafasi yangu naitumia kwa kodi ya majengo. Mwaka huu hakuna jambo lililowaleta watu barazani kwangu asubuhi na jioni kama hilo, na hakuna jambo lililoniuma kama kuwaona watu wazima, waliojenga kwa jasho lao, wakishindwa kuelewa wanadaiwa nini na nani.

Tuanze na kiwango chenyewe. Kuanzia Julai 1, 2023, nyumba ya kawaida ilitoka shilingi 12,000 kwa mwaka ikaenda 18,000. Jengo la ghorofa lilitoka 60,000 kwa kila sakafu likaenda 90,000. Kwa mwezi, 1,000 ikawa 1,500, na 5,000 ikawa 7,500. Ni nyongeza ya nusu nzima kwa mkupuo mmoja. Bajeti ilisomwa bungeni Juni, ni kweli, na anayefuatilia bunge alisikia. Lakini wengi wetu hapa Tabata, Dar es Salaam, tuligundua tuliponunua umeme, tukaona uniti zimepungua. Mtu ananunua umeme wa 5,000 mwanzo wa mwezi, 1,500 ya kodi inaondoka kwanza, na kinachobaki nacho kina makato yake mengine. Anapiga simu kwa fundi kuuliza kama mita ni mbovu. Mita ni nzima.

Wanachama vijana wameniuliza imekuwaje kodi ya nyumba ikaingia kwenye umeme. Nitawaeleza kwa kifupi, maana bila kujua tulikotoka tutabaki tunalaumiana.

Kodi hii ina sheria yake tangu 1983, ile ya ukadiriaji ya mamlaka za miji. Ilikuwa mali ya halmashauri. Mthamini anakuja, anapima, anaandika thamani, kisha ankara inaletwa mlangoni. Baadhi yenu mnazikumbuka zile karatasi. Ilipofika 2008, kwa Dar es Salaam kazi ya kukusanya wakapewa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2014 ikarudi manispaa. Mwaka 2016 ikarudi tena TRA. Kila ilipohama, kumbukumbu zilihama nusu, na mtu aliyelipa upande mmoja alitakiwa kuthibitisha upande wa pili. Julai 2017 tulisimama kwenye foleni tangu alfajiri, jua likatukuta palepale, wengine wakarudi nyumbani na hela zao mfukoni. Baadaye vikaja viwango mfuto, yaani kiasi kimoja bila kupima thamani, 10,000 kwa nyumba ya kawaida, na hapo watu wakapumua. Kisha Agosti 20, 2021 kodi ikaunganishwa na LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo 12,000 kwa mwaka.

Sitaki nionekane napinga kila kitu. LUKU imetuondolea foleni na imetuondolea vishoka waliokuwa wakipita na stakabadhi za uongo. Mwenye nyumba moja, mita moja, anayeishi humo mwenyewe, kwake mfumo huu ni mwepesi na 1,500 kwa mwezi anaweza kuipanga. Kama mtaa mzima ungekuwa na watu wa namna hiyo, taarifa yangu ingeishia hapa.

Lakini mita si nyumba. Sheria inatoza jengo, na mfumo unakata kwenye mita. Mita iliwekwa kuhesabu umeme, haijui nyumba ni ya nani, ina vyumba vingapi wala nani analala ndani. Shida zote za daftari letu zimezaliwa hapo.

Kuna mwanachama wa barabara ya kisima. Nyumba yake ni moja, bati moja, uzio mmoja. Aliweka mita tatu ili wapangaji wasigombane. Kila mita ikakatwa 1,500. Kwa mwaka analipia 54,000 kwa jengo ambalo kodi yake ni 18,000, yaani 36,000 ni ya hewani. Utaratibu wa kumrekebishia upo, ulitangazwa tangu 2021: mwenye mita zaidi ya moja kwenye jengo moja aende atoe taarifa, ibaki mita moja tu ya kodi. Alikwenda. Ofisi ya kwanza ikamwambia suala la mita si lao. Ya pili ikamwambia suala la kodi si lao. Amezunguka miezi mitano, kila safari nauli na siku ya kazi imepotea. Katibu wetu alipoambatana naye wakiwa na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha taifa, nakala ya hati ya mauziano na namba zote tatu za mita zimeandikwa kwenye karatasi moja, lilimalizika kwa siku mbili. Kilichobadilika ni karatasi, na kwamba hakwenda peke yake. Kwa hiyo tulifanya vivyo hivyo kwa wengine. Nyumba tisa zimerekebishwa mwaka huu, nne bado. Fedha iliyokwisha kukatwa zaidi hakuna hata mmoja aliyerudishiwa, na hilo sitaliacha.

Upande wa pili wa shilingi ni huu, na nausema japo utawaudhi wengine. Tunazo familia zenye uwanja mmoja na nyumba tatu zinazojitegemea, zote zinavuta umeme kutoka mita ya nyumba kubwa. Hao wanalipa kodi ya nyumba moja. Vilevile kuna maghorofa kati yetu yanayokatwa 1,500 kama kibanda cha vyumba viwili, kwa sababu wakati mita inafungwa nyumba ilikuwa ya chini, na ghorofa limepanda baadaye. Wenyewe mmenyamaza. Naelewa, hakuna anayekimbilia kulipa. Ila siku mfumo ukigundua, deni litakuja kwa pamoja, na kamati haitakuwa na la kukutetea nalo. Waliozidishiwa nimewasindikiza. Nanyi mliopunguziwa nitawasindikiza mkitaka.

Wazee. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sheria inasamehe nyumba ya makazi ya mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na ya mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huu haujileti. Mita haijui umri wa mtu. Mpaka mzee aombe, ajaze fomu, athibitishe. Katika mtaa wetu nimewakuta kina mama wajane waliokatwa tangu 2021 bila kujua kwamba hawakupaswa kukatwa. Mmoja wao alikwenda kumuuguza dada yake Korogwe miezi minne. Aliporudi, mjukuu akamnunulia umeme wa 10,000. Shilingi 6,000 ikaenda kwenye malimbikizo ya kodi, 4,000 ndiyo ikabaki ya umeme. Mama yule aliniambia alidhani ameibiwa na mjukuu. Kijana alilia mbele yangu. Yule mama sasa amesamehewa, karatasi zake zimekamilika, lakini kile kilichoingia kati yake na mjukuu wake hakuna ofisi itakayokiondoa.

Kamati imeamua kila mjumbe wa shina la umoja wetu aandike wazee wa eneo lake, mlango kwa mlango, kabla ya mwisho wa Septemba. Wanachama mliostaafu ualimu na uhasibu, nawaomba mtusaidie kujaza fomu. Hatutatoza hata senti. Ukisikia mtu anadai hela ya fomu kwa jina la umoja huu, niletee jina lake.

Sasa wapangaji. Ndugu zangu wenye nyumba, mdaiwa wa kodi hii ni sisi. Mpangaji ananunua umeme, anakatwa kwa niaba yetu, na anastahili kurudishiwa au kupunguziwa kwenye pango. Nimeuliza nyumba kwa nyumba na jibu ninalolipata ni "tulielewana". Hamkuelewana. Mpangaji amenyamaza kwa sababu anaogopa kupewa notisi. Kwenye nyumba za vyumba vingi zenye mita moja hali ni mbaya zaidi, maana anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayebeba makato, na siku hizi watu wanaviziana, tarehe moja nyumba nzima inakaa giza kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Watoto wanashindwa kusoma kwa ajili ya 1,500 ambayo ni deni letu sisi. Mwaka huu, wakati wa mgao wa umeme, mpangaji mmoja aliniuliza kwa nini alipie kodi ya jengo lisilo lake kupitia umeme usiokuwepo. Sikuwa na jibu. Napendekeza kwa mkutano azimio hili: kila mwanachama mwenye wapangaji atenge 1,500 ya kwanza ya kila mwezi na ainunue umeme yeye mwenyewe, au aipunguze kwenye pango kwa maandishi. Hatuwezi kudai haki juu tukaikanyaga chini.

Kuna mchanganyiko mwingine niuseme upesi. Kodi ya majengo si kodi ya pango la ardhi. Pango la ardhi linahusu kiwanja chenye hati, unalipia kwa kontrol namba, na linakwenda wizara ya ardhi. Kulipa moja hakufuti nyingine. Wala si ile asilimia 10 ya zuio inayotokana na kodi unayopokea kwa mpangaji. Na ada ya taka ni nyingine kabisa. Wanachama watatu walikuja na stakabadhi za pango la ardhi wakidhani zinawakinga na makato ya LUKU. Nimeandika ukurasa mmoja unaotenganisha hizi nne, utabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na kusambazwa kwenye kundi letu.

Mwisho kuhusu hili ni swali ambalo kila kikao linarudi: fedha inakwenda wapi? Enzi za ankara za manispaa, mtu aliweza kumkaba diwani akamwambia, nimelipa kodi ya nyumba, mtaro wangu uko wapi? Leo inakusanywa na serikali kuu, na diwani anatujibu, kwa haki, kwamba hashiki fungu hilo. Mwaka huu mvua zimekula barabara ya chini mpaka bodaboda zinazunguka kilomita nzima. Mtaro uliozibwa na taka ulirudisha maji kwenye nyumba ambazo zote, bila kukosa, zimekatwa kodi kila mwezi. Hakuna mwanachama aliyeniambia hataki kulipa. Wanachoniambia ni kwamba zamani waliiona kodi na waliuona mtaro, na sasa hawaoni kimojawapo.

Tumeandika barua mbili. Ya kwanza inaomba mambo ya mfumo: mwenye mita nyingi arekebishiwe kwenye dawati moja, aliyekatwa zaidi afidiwe kwa kupunguziwa miezi ijayo, na mwenye miaka 60 atambuliwe kwa kitambulisho chake cha taifa bila kuzungushwa. Ya pili imekwenda halmashauri ya jiji, inaomba kila robo mwaka mtaa ubandikiwe tangazo la fedha ya kodi ya majengo iliyorudi kwenye kata yetu na kazi iliyofanya, hata kama ni sifuri iandikwe sifuri. Barua ya kwanza imepokelewa na kugongwa muhuri. Ya pili tumeahidiwa kikao, tarehe bado.

Mwishoni mwa mwaka huu wa 2024 tuna uchaguzi wa serikali za mitaa. Umoja huu hauna chama na hautakuwa nacho. Ila wagombea wote tutawaalika barazani, na swali la tangazo la robo mwaka nitawauliza mmoja mmoja, majibu yaandikwe kwenye daftari.

Mkutano mkuu utafanyika kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu ya mwisho, umechapishwa au uko kwenye simu, na idadi ya mita zilizo katika jengo lake. Kutakuwa na meza mbili: moja ya mita, nyingine ya wazee. Wenye nyumba walio mbali, Mwanza, Muscat au kwingineko, wamtumie katibu namba za mita na jina la anayewasimamia. Mwenye mzee asiyeweza kutembea asimlete. Aandike namba ya nyumba, tutamfuata.

Mwenyekiti