Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: wazee wetu na mionzi ya tezi dume

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Mimi ni mkazi wa Likoni, na nakuandikia kuhusu saratani ya tezi dume, ugonjwa ambao wazee wetu huuficha mpaka mkojo uzibe kabisa.

Baba yangu, fundi wa majahazi, alichomwa mionzi Nairobi mara 39. Jumatatu hadi Ijumaa, karibu wiki 8, akilala sebuleni kwa mpwa wake. Kila siku alitakiwa anywe maji kibofu kijae, kwa sababu tezi husogea kadiri kibofu na utumbo vinavyojaa, na mionzi ikaweza kupiga pasipotakiwa. Siku moja mashine ikakwama. Akaambiwa asubiri, asiende msalani. Akasubiri, chupa tupu ameibana magotini, hadi mkojo ukamtoka palepale kwenye benchi. Nilikuwa nimeketi kando yake. Nilimfunika kwa leso ya mama, na hatujalizungumza hadi leo.

Sasa hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina CyberKnife, mashine ndogo ya mionzi iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Mgonjwa hutiwa kwanza vipande vya dhahabu ndani ya tezi, vyembamba kuliko punje ya mchele. Wakati wa tiba eksirei huvitafuta tena na tena. Tezi ikisogea, mkono nao unaifuata. Matibabu huisha kwa mara 5.

Wala si kubahatisha. Utafiti wa PACE-B, uliochapishwa 2024, ulifuatilia wanaume ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi. Baada ya miaka 5, asilimia 95.8 ya waliochomwa mara 5 walikuwa hawajaonyesha dalili ya ugonjwa kurudi. Wa matibabu marefu, asilimia 94.6. Baadhi ya hao wa mara 5 walitibiwa kwa mashine za kawaida zenye picha nzuri, kwa hiyo hata roboti si sharti.

Sikuombi uinunulie Mombasa roboti. Naomba vile vipande vya dhahabu viwekwe hapa Makadara, Coast General, na madaktari wetu wa njia ya mkojo. Huachwa kama wiki moja vitulie kabla ya picha za kupangia tiba, na wiki hiyo mzee aikae kwake. Pili, awepo afisa mmoja, simu yake ijulikane, wa kuandika rufaa na kufuatilia kibali cha SHA, bima ya afya ya serikali, kabla mtu hajapanda treni Miritini. Na kaunti ikodi vyumba vichache vya kulala karibu na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni siku kumi na kitu tu. Gharama yake haiwezi kuwa kubwa.

Ami yangu alipimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mwezi uliopita, ikawa juu, na kinyama kilichopimwa kimethibitisha. Daktari anasema bado ni mapema. Ameniuliza kama na yeye atakaa Nairobi wiki 8, na sijamjibu.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Likoni